Kompyuta Moja Nje ya Orodha

Kwa miaka kumi na tisa kazi ya Heber Techera ilikuwa kuzunguka. Ushirika wa wafugaji uliomwajiri ulikuwa na ofisi ishirini na sita kaskazini mwa Uruguay, chache mjini, nyingi katika vijiji vya nyumba kumi na tano na kituo cha mafuta kilichofungwa zamani, na ndani ya ofisi hizo mlikuwa na kompyuta thelathini na nane. Alizijua kama mchungaji anavyojua ng'ombe wake. Alijua ipi huchelewa kuamka siku za baridi, ipi feni yake hukoroma, na ipi ilimwagiwa maji ya moto ya yerba, majani yanayonywewa kibuyuni kwa mrija, kwenye vibonye hata herufi A ikawa haiandiki mpaka ipigwe ngumi.

Kila mwezi programu za kompyuta hizo zilitaka kusasishwa. Heber alifika, akaketi, akabonyeza panapobonyezwa, akangoja. Kusasisha kompyuta za Windows ni kazi ya kungoja kuliko ya kutenda. Mstari unasogea kwa mwendo wa konokono, unafika asilimia tisini na tisa, unasimama hapo kana kwamba umekumbuka kitu ulichosahau nyumbani. Na Heber aliishi ndani ya kungoja huko. Karani alijaza kibuyu cha yerba, akanywa cha kwanza mwenyewe, akajaza cha pili na kumpa mgeni, na mazungumzo yakaanza: goti la mama mkwe, ukame, binti aliyekwenda Uhispania na hapigi simu. Heber hakuwa msemaji. Alikuwa msikilizaji wa aina ile ambayo watu humwambia mambo yao, kisha wakashangaa kwamba wamemwambia.

Nyumbani kwake hakukuwa na wa kumsikiliza. Aliwahi kuoa, ndoa ya miaka minne; mke akaenda Montevideo kumwuguza shangazi, shangazi akapona, mke hakurudi. Baadaye alimtunza mama yake mpaka alipofariki. Tangu hapo alikula akiwa amesimama jikoni, sahani juu ya jokofu, redio ikisema na kuta.

Ndipo akaja Lorena Bique, mhandisi wa miaka thelathini na minne, kuwa mkuu wa kitengo. Wiki yake ya pili alimwita Heber ofisini, akamtangulizia "don" ya heshima.

"Don Heber, mzunguko mmoja unakula siku ngapi?"

"Kumi na nane. Mvua ikinyesha, ishirini na mbili."

"Na ukimaliza?"

"Naanza tena."

Lorena alimtazama kwa huruma ya kweli. "Hiyo si kazi, don Heber. Hicho ni kifungo. Umewahi kuandika skripti?"

Hakuwahi, lakini hakuwa mjinga. Majira yale ya baridi alijifunza kuandika amri ambazo kompyuta huzisoma na kuzitekeleza yenyewe, mstari baada ya mstari, bila mtu kuishika mkono. Akagundua kwamba anaipenda kazi hiyo, kama mtu agunduaye uzeeni kwamba ana sauti ya kuimba. Alianza na orodha ya majina thelathini na nane. Skripti ilisoma jina, ikabisha hodi kwenye kompyuta hiyo kupitia mtandao, ikauliza ina programu gani na za toleo gani, ikaleta mapya na kuyaweka, ikaizima na kuiwasha upya, kisha ikachukua nakala ya mafaili ya kazi na kuipeleka makao makuu. Ikimaliza iliandika neno moja: sawa.

Jaribio la kwanza lilizima kompyuta ya katibu wa ushirika akiwa katikati ya kuandika kumbukumbu za kikao. Alishuka ngazi mwenyewe kuja kumtafuta.

"Heber, skripti yako ina adabu za mbuzi. Inaingia, inakula, inatoka."

Heber akaongeza mistari sita ili skripti iangalie kwanza kama kuna mtu kaketi. Mwezi wa tisa kila kitu kilikuwa tayari. Wakapanga iwe inaamka yenyewe kila Jumatano saa sita na nusu mchana, ofisi zote zinapofungwa na watu kwenda kula. Jumatano ya kwanza yeye na Lorena walisimama mbele ya skrini wakaangalia mistari ikishuka: sawa, sawa, sawa. Kazi ya siku kumi na nane iliisha kwa dakika hamsini na tatu. Lorena akampiga bega.

"Umejikomboa, don Heber."

Siku hiyo alirudi nyumbani mapema, akaketi kitandani na viatu vyake miguuni. Hakujua la kufanya na mchana.

Hakuna aliyemfukuza wala kumpunguzia chochote. Alibaki na meza yake, kiti chake na simu yake. Simu ilipolia, ilikuwa mtu amekosea namba. Kompyuta zilizosasishwa kila wiki hazikuwa na sababu ya kuugua, na makarani wasio na kompyuta mgonjwa hawakuwa na sababu ya kumwita. Wiki ya nne hakuvumilia. Aliingia kwenye ofisi moja ya pale pale mjini, ambako alikuwa amekunywa yerba mara mia mbili.

"Kuna tatizo gani, Heber?" karani akauliza, macho kwenye skrini.

"Hakuna. Napita tu."

"Ah. Basi ngoja nimalize hili, mara moja."

Heber alingoja. Karani alimaliza hilo, akaanza lingine. Simu ikaja, mteja akaja. Hakumkusudia ubaya hata kidogo. Ni kwamba mtu aliyekaa pale bila waya mkononi hakuwa na jina katika siku yake ya kazi. Baada ya nusu saa Heber akavaa kofia, akaaga, na karani akasema, "Karibu tena," bila kugeuka.

Jumatatu iliyofuata alifungua ile orodha. Jina la thelathini na moja lilikuwa Rincón de los Teros. Mbele yake akaweka alama ndogo, ile ya mistari inayokatana kama seng'enge. Skripti ikikuta alama hiyo huliruka jina na kuendelea na linalofuata. Alijiambia kwamba mtandao wa Rincón ni dhaifu, masasisho makubwa yangekwama njiani, na mashine ile ingefaa kuhudumiwa kwa mkono. Lilikuwa na ukweli ndani yake. Uongo uliochanganywa na ukweli ndio unaoishi siku nyingi.

Rincón ilikuwa kilomita tisini na nne kutoka mjini, thelathini na moja za mwisho zikiwa za udongo. Karani wake, Nubia Larrosa, alikuwa mwanamke wa miaka sitini, mkavu, mwenye ulimi, aliyezaliwa umbali wa malango matatu kutoka pale. Kazi yake kubwa ilikuwa chapa: ile alama ya chuma cha moto ambayo kila mfugaji humpiga nayo ng'ombe wake, na ambayo hailingani na ya mwingine. Ng'ombe akipotea au akiibiwa, polisi walimpigia Nubia, naye akawaambia ni wa nani. Kitabu cha chapa cha Rincón kilianza mwaka 1911. Mwezi wa tatu wa mwaka ule ule wa skripti, kijito kilifurika, maji yakaingia ofisini hadi usawa wa meza, na kitabu kikawa uji. Nubia alianika kurasa juu ya jiko la kuni, zikakauka nyeupe.

Akaanza upya. Ulipokauka udongo aliwafuata wafugaji mmoja mmoja, wengine kwa farasi, akachora kila chapa kwenye karatasi, kisha kwenye kompyuta: jina, shamba, umbo, na ilivyopatikana. Karatasi akawashia jiko; karatasi hakuiamini tena. Usiku wa radi au la, kila jioni kabla ya kufunga ofisi alichomoa waya wa umeme ukutani, maana radi ilishamuulia kompyuta mbili.

Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi Heber alikwenda.

"Umechelewa, Techera. Maandazi yameshakuwa soli za viatu."

"Barabara, doña Nubia."

"Barabara iko pale pale tangu jana. Wewe ndiye hukuwepo."

Siku za mvua alikaanga maandazi bapa kwa mafuta ya ng'ombe, Heber akala manne, matano, akaketi, kwenye kiti. Alimsikiliza akisimulia chapa: hii ya akina Bentos ina mkia kwa sababu babu mtu alikosea kukunja chuma akaona haya kusema, hii ni ya dada wawili wasiosemezana, nusu ya umbo kila mmoja. Mstari wa sasisho ulikuwa ukitambaa kwenye skrini nyuma yao. Mara nyingi haukufika mwisho. Mtandao ulikatika, au jua lilishuka na barabara ya udongo haikuwa ya kuchezea gizani, naye akasema atamalizia mwezi ujao. Kwenye pete ya funguo alikuwa na kifaa kidogo cha kunakilia mafaili. Mara ya kwanza alinakili. Zilikuwa chapa kumi na tisa. Mara ya pili alisahau. Baadaye hata kusahau alisahau.

Ikapita miezi kumi hivyo. Ripoti ya Jumatano ilisema thelathini na saba kati ya thelathini na saba, zote sawa, na Lorena hakuwahi kuuliza kwa nini si thelathini na nane.

Mwezi wa nane, Jumanne ya baridi kali, mfugaji mmoja alimletea Nubia picha ya chapa yake ndani ya kifaa cha kunakilia alichokiazima kwa mpwa wake. Nubia akakichomeka. Baada ya saa moja akampigia Heber simu.

"Techera, chapa zangu zimebadilika majina."

"Zimebadilika vipi?"

"Kila moja ina mkia wa herufi ambazo sikuziandika. Na kuna barua ya Kiingereza katikati ya skrini."

Heber alishika funguo za gari. "Chomoa waya, doña Nubia. Sasa hivi. Nakuja."

Alifika akaangalia, na hakuhitaji dakika mbili. Kilikuwa kirusi cha kufunga mafaili na kudai fidia. Kilipita kwenye tundu ambalo sasisho la mwezi wa tatu lilikuja kuliziba, na katika kompyuta ile sasisho la mwezi wa tatu lilikuwa limekwama asilimia sitini, siku ile ya hadithi ya dada wawili.

Nubia alisimama nyuma ya kiti, mikono ndani ya sweta.

"Zinarudi?"

"Sijui."

"Usiniambie hujui kama unajua."

"Hazirudi."

Nubia alitoa mikono ndani ya sweta. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayejikumbusha kwamba mlango wa nyuma uko wazi, "Lakini nakala ziko kwenu. Ulisema skripti inachukua nakala za ofisi zote."

"Inachukua," Heber akasema.

Neno hilo alilibeba kilomita tisini na nne za kurudi. Halikuwa uongo, na hakuna uongo aliowahi kuusema uliomlemea namna ile.

Kesho yake Lorena alimwita. Alikuwa ameshaongea na halmashauri ya ushirika, na halmashauri ilitaka maelezo ya maandishi ifikapo Ijumaa.

"Sielewi," alisema. "Kompyuta zote zilikuwa sawa. Hii ilipitwaje?" Akafikiri. "Yule mama si ndiye anayechomoa waya?"

"Kila jioni. Kwa sababu ya radi."

"Na mchana? Akienda kula?"

Heber alitazama kalamu ya Lorena.

"Basi ni hilo. Skripti inabisha hodi saa sita na nusu, mashine imelala, inaruka. Miezi mingapi hiyo." Lorena aliandika kitu. "Namhurumia, lakini wamekuwa wakitafuta sababu ya kufunga Rincón tangu mwaka juzi, na sasa amewapa mwenyewe."

"Sawa, mhandisi," Heber akasema, akatoka.

Alikwenda kwenye meza yake. Akapanga kalamu. Hakuna mtu duniani aliyejua kuhusu ile alama isipokuwa yeye, na kuifuta ilikuwa kazi ya kidole kimoja. Aliiangalia mchana kutwa. Saa ya kuondoka ilipofika akaondoka, na kesho yake asubuhi, Alhamisi, akachapa orodha yote kwenye karatasi, akaenda nayo kwa Lorena kabla hajavua koti.

"Tazama jina la thelathini na moja."

Lorena akatazama. "Hii alama ni ya nini?"

"Ikiwa mbele ya jina, skripti hailigusi."

"Nani aliiweka?"

"Mimi."

"Lini?"

"Wiki ya tano."

Lorena aliweka karatasi mezani taratibu. Alidhani, alimwambia mtu baadaye, kwamba angesikia habari ya hitilafu, au ya ugomvi, au ya uvivu. Kwa hayo alikuwa na majibu. "Kwa nini, don Heber?"

"Ili nipate sababu ya kwenda."

"Kwenda wapi?"

"Rincón."

"Kufanya nini?"

Heber aligeuza kofia mikononi. "Kukaa," akasema.

Barabarani lori la kondoo lilipita, madirisha yakatetemeka. Lorena alimwangalia mzee yule kwa muda, kisha akamwangalia tena, kama mtu asomaye mstari ule ule mara ya pili.

"Nakala je?"

"Hakuna. Kumi na tisa tu."

"Kati ya ngapi?"

"Mia nne na kumi na mbili."

Hakumpigia kelele. Pengine ingekuwa nafuu. Alichukua kalamu, akafuta alichokuwa ameandika kuhusu waya, akaandika upya. Mwisho akasema, "Onyo la maandishi utalipata. Neno la siri la skripti nalichukua leo. Utahamia stoo ya vifaa mpaka nijue la kufanya. Na yule mama, sitampigia simu mimi."

"Nitakwenda mwenyewe."

"Ndiyo. Safari hii sababu unayo."

Alijuta kuyasema maneno hayo, ilionekana usoni, lakini yalikuwa yameshatoka.

Nubia alikuwa ameketi mbele ya kompyuta iliyozimwa, miwani imepandishwa kwenye nywele. Heber alimwambia yote akiwa amesimama, kwa mpangilio, bila kuruka. Alama. Masasisho yasiyofika mwisho. Nakala. Neno "inachukua". Alipomaliza, Nubia alishusha miwani machoni.

"Watu mia nne na kumi na wawili, Techera. Wengine walikuwa wanakufa nikawachorea kitandani. Don Ismael alinichorea ya kwake kwa kidole, hewani, kwa sababu hakuweza kushika kalamu."

"Najua."

"Hujui. Ulikuwa unasikiliza, ndiyo, lakini hujui." Alivua miwani. "Kwa hiyo ulinitenga na wenzangu ili uje kunywa yerba yangu."

"Ndiyo."

"Si ungesema tu kwamba unataka kuja? Mlango ule una kitasa. Unakizungusha, unaingia."

"Sikujua kama inawezekana," Heber akasema. "Bila kazi."

Nubia akamtazama. Kisha akamwonyesha mlango.

Jumamosi yake Heber alirudi. Hakuingia ofisini, ambayo Jumamosi hufungwa; alisimamisha gari dogo la mizigo nje ya nyumba ya Nubia, akashuka na daftari la kuchorea na kalamu sita. Nubia alimwona dirishani. Alimwacha asimame kwenye upepo mpaka masikio yake yakawa mekundu, kisha akatoka na koti na begi.

"Tunaanzia kwa akina Bentos," akasema, akapanda.

Ndivyo ilivyoanza. Jumamosi baada ya Jumamosi walipita malango, Heber akishuka kufungua na kufunga. Wengine walikuwa na chuma chenyewe kimetundikwa ghalani. Kwingine chuma kilikuwa kimepotea, wakaitafuta chapa mahali ilipowahi kugusa: mlango wa zizi uliojaribiwa chuma cha moto, ngozi ya tandiko, mgongo wa kiti cha babu. Heber alishika karatasi, Nubia akasugua mkaa juu yake mpaka umbo likajitokeza. Na wenye nyumba Nubia alizungumza, akacheka, akaulizia wajukuu. Kwa Heber alikuwa na maneno haya tu: "kushoto", "kulia" na "funga lango".

Katika nchi ile kibuyu cha yerba hupita mkono kwa mkono. Hata adui akiwa chumbani harukwi zamu yake. Jumamosi ya kwanza Nubia alijijazia, akanywa, akajijazia tena, akanywa, macho barabarani. Heber alielewa. Jumamosi ya pili alikuja na kibuyu chake na chupa yake ya maji ya moto. Basi wakawa wanasafiri hivyo, watu wawili katika gari moja, kila mmoja na kibuyu chake.

Mfugaji mmoja mzee, Aparicio Brum, aliwaona wameketi garini kwenye kivuli cha mikaratusi, kila mtu ananyonya mrija wake, akaja na kuegemea dirisha.

"Huyu ndiye aliyezipoteza?"

"Ndiye," Nubia akasema.

"Na bado unapanda gari lake?"

"Mimi sina gari."

Aparicio akaangalia kibuyu cha kwanza, akaangalia cha pili. "Miaka themanini na mmoja nimeishi," akasema, "na huu ndio ugomvi wenye maji mengi kuliko wote niliouona." Akacheka peke yake mpaka akakohoa, kisha akawapeleka ghalani.

Siku moja mwezi wa kumi na moja, wakichora chapa kutoka mlango wa zizi, Nubia aliuliza bila kuinua kichwa, "Ninyi akina Techera hamkuwa na chapa?"

"Baba alichunga ng'ombe wa watu."

"Mashamba ya wapi?"

"Haya haya. Huko nyuma ya kilima."

Nubia aliendelea kusugua mkaa. "Basi atakuwa amezipiga nyingi kati ya hizi," akasema.

Heber hakuwahi kuliwaza hilo. Alimkumbuka baba yake akirudi nyumbani na harufu ya manyoya yaliyoungua kwenye shati, haongei, anakula na kulala. Alitaka kumwambia Nubia, akashindwa pa kuanzia, na walikuwa wameshafika lango lingine.

Walichukua miezi kumi na minne. Walipata chapa mia tatu na sabini na moja. Arobaini na moja hazikupatikana: wenyewe walikuwa wamekufa bila jamaa, au wameuza wakavuka kwenda Brazili, na chuma kimegeuzwa kichokoo cha moto nyumbani kwa mtu mwingine. Ya don Ismael ilikuwa katika hizo. Nubia alijaribu kuichora kwa kumbukumbu mara nyingi, kila mara akaichana karatasi. Kila chapa mpya aliiingiza kwenye kompyuta siku hiyo hiyo, akachukua nakala mbili, moja kabatini, moja ndani ya pochi yake. Kompyuta ya Rincón ilikuwa imerudishwa kwenye orodha. Kila Jumatano saa sita na nusu ilisasishwa pamoja na nyingine kwa skripti iliyoandikwa upya na kampuni ya mkataba ya Montevideo, na Nubia aliuacha waya ukutani siku hiyo moja.

Ushirika uliifunga ofisi ya Rincón hata hivyo, mwaka uliofuata, kwa sababu nyingine isiyohusiana na mtu yeyote. Chapa zilihamishiwa makao makuu. Nubia alistaafu, akauza farasi, akahamia Rivera, mpakani na Brazili, kwa dada yake mwenye nyumba ya vyumba viwili karibu na stendi ya mabasi. Siku ya kuondoka alimpa Heber mkono kama wanaume wanavyopeana baada ya kujenga ua wa seng'enge pamoja.

Heber alibaki stoo, kati ya makasha ya waya na skrini zilizokufa, akisubiri miaka miwili ya kustaafu. Lorena alimpitia mara kwa mara kumuuliza hali, akiwa amesimama, na Heber alimjibu yuko salama. Jumamosi zilikuwa ndefu. Alianza kula akiwa ameketi, lakini sahani moja mezani ilimsumbua kuliko sahani juu ya jokofu, akaacha.

Mwezi wa tano alinunua mfuko wa machungwa, akaendesha hadi Rivera bila kupiga simu. Dada mtu ndiye aliyefungua.

"Nubia kaenda kwa daktari wa goti. Wewe ni nani?"

"Techera."

"Ah," dada akasema, akamchunguza juu hadi chini. "Ndiye wewe."

Hakumkaribisha ndani. Heber hakujua kama dada mtu alikuwa akisubiri yeye aombe. Akampa machungwa, akashukuru bila kujua anashukuru nini, akaendesha zaidi ya saa moja kurudi nyumbani, taa za magari ya Brazili zikimpiga usoni.

Baada ya siku nne simu ililia stoo. Alidhani mtu amekosea namba.

"Techera, machungwa yako yalikuwa machachu."

"Nilidhani ni yale matamu."

"Tumetengeneza jamu. Dada yangu anasema ulikuja kama mtu wa kusoma mita." Nyuma yake basi lilikuwa likirudi kinyumenyume, likipiga kengele. "Jumapili nipo. Tunakula saa saba."

"Nilete nini?"

"Usilete kitu," Nubia akasema, akakata.

Jumapili hiyo mvua ilinyesha tangu alfajiri, kijito kikapanda juu ya daraja, na magari yote yakasimamishwa. Heber alikaa kwenye foleni saa mbili na nusu akiangalia maji ya kahawia yakipita na matawi, akiwa na hakika kwamba wameshakata tamaa naye. Alifika karibu saa kumi. Dada mtu alikuwa amelala. Nubia alimfungulia, mguu umefungwa bendeji, hakusema lolote kuhusu saa, akatangulia kuchechemea kuelekea jikoni. Walikuwa wameshakula na vyombo vimeoshwa. Sahani ya Heber ilikuwa juu ya jiko, imefunikwa kwa sahani nyingine.